Tafuta Upande Uliozidi: Hotuba Kuhusu Vitu Vinavyozunguka

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, mafundi wa jua kali mliotoka Kibuye, wenye mashine za posho, na ninyi wafugaji mliopanda matatu za alfajiri kutoka Nandi na Vihiga hadi hapa Kisumu, hamjambo.

Mashine ya posho ikianza kutetemeka hadi ikasogea yenyewe sakafuni, fundi huitwa. Mbuzi akizunguka nguzo aliyofungwa, kisha akifunguliwa aendelee kuzunguka pasipo nguzo, daktari wa mifugo huitwa. Fundi na daktari hawajuani, wala vifaa vyao havifanani. Hata hivyo swali la kwanza kwa wote wawili ni moja: upande upi umezidi? Leo nataka tulifuate swali hilo kutoka kwenye chuma hadi kwenye mnyama, na tuone pia linapogoma kujibu, maana yako mahali linapogoma.

Kitu kikiachwa kama kilivyo hakizunguki. Chukua jiwe, lifunge kamba, lizungushe juu ya kichwa, halafu uiachilie kamba. Wengi hudhani jiwe litarushwa kwenda nje, likipe kisogo kichwa chako. Sivyo. Linatoka kwa mstari ulionyooka, kuelekea kule lilikokuwa limeelekea kamba ilipoponyoka. Kilichokuwa kikiupinda mwendo wake ni mkono wako, uliokuwa ukilivuta kuja ndani kila nukta ya safari. Kwa hiyo mzunguko wowote una mvutaji. Ukubwa wa mvuto huo unapatikana kwa kuzidisha uzito wa kitu, umbali wake kutoka mhimilini, na kasi ya kuzunguka. Lakini kasi inazidishwa mara mbili, yaani kasi mara kasi. Hapo kwenye “mara mbili” ndipo mashine nyingi huvunjikia. Ukiongeza uzito maradufu, mvuto unakuwa maradufu. Ukiongeza kasi maradufu, mvuto unakuwa mara nne.

Sasa tuingie kwenye chumba cha kisiagi, yaani hiyo mashine ya posho.

Tuseme mota ya umeme inazunguka mara 1,450 kwa dakika, kasi ya kawaida ya mota yenye ncha nne za sumaku kwenye umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Puli ya mota ina kipenyo cha sentimita 20, puli ya kisiagi sentimita 10. Rota ya kisiagi, yaani sehemu ya ndani inayozunguka na kubeba nyundo za kusagia, basi inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ikiwa ncha ya nyundo iko sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, ncha hiyo inakwenda mita 60 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 210 kwa saa. Matatu yoyote ingesimamishwa na polisi. Mahindi hayasagwi kwa kusuguliwa pale ndani. Yanapigwa hadi yapasuke, kisha yanapigwa tena mpaka yapenye kwenye chekeche.

Katika kasi hiyo, gramu moja ya chuma iliyo kwenye ncha inavuta shafti kana kwamba ni mzigo wa kilo mbili kasoro kidogo. Gramu moja tu. Sasa chukua nyundo mbili zinazotazamana, moja imelika kwa gramu 10 zaidi ya mwenzake. Tukilipima pengo hilo sentimita 15 kutoka katikati ya shafti, tunapata mvuto wa kilo 14 hivi, usio na mpinzani, unaogeuka mwelekeo mara 48 kila sekunde: juu, kando, chini, kando. Beringi ndiyo inayoubeba. Na beringi za gololi zina hesabu kali: ukizidisha mzigo wake maradufu, umri wake haupungui nusu, unashuka hadi moja ya nane. Ndiyo sababu mwenye mashine anabadilisha beringi mwezi huu, na baada ya miezi miwili anailaumu beringi mpya kuwa bandia. Pengine ni bandia kweli. Lakini kabla ya kurudi dukani kugombana, pima nyundo.

Kazi yenyewe si ngumu. Zima swichi kubwa na uifunge, au mwache mtu mmoja asimame pale, kwa sababu vidole vingi hukatika mtu mwingine anapowasha bila kujua. Toa mkanda. Hii ni muhimu, kwani mkanda unaivuta shafti upande mmoja na utakudanganya. Fungua mfuniko, zungusha rota kwa mkono polepole, iache isimame yenyewe. Weka alama ya chaki pale chini kabisa. Rudia mara tano au sita ukianzia mahali tofauti. Chaki zikitawanyika, rota haina upande mzito ambao njia hii inaweza kuuona. Zikirundikana mahali pamoja, umeupata. Kama beringi zina grisi nzito au zimekwaruzika, rota itasimama popote na jaribio halitakuambia kitu. Itoe shafti, uilaze juu ya vyuma viwili vilivyonyooka na kusawazishwa kwa pima maji, urudie.

Kisha toa nyundo zote. Zipime moja moja kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja. Zipange kutoka nzito hadi nyepesi, halafu uziunde jozi: mbili zenye uzito sawa zinakwenda kwenye pini zinazotazamana (pini ni vyuma vinavyoshikilia nyundo), na si hivyo tu, zinakaa nafasi ileile kutoka mwisho wa pini. Mafundi wengi husahau sehemu hiyo ya pili. Wanahakikisha jumla ya pini ya kwanza inalingana na jumla ya pini inayotazamana nayo, wanaridhika, wanafunga. Lakini ikiwa uzito wa pini moja umerundikana upande wa puli na wa pini nyingine upande wa pili, rota itatulia kabisa ikizungushwa kwa mkono na itatikisika vibaya ikiwashwa, kwa sababu ncha mbili za shafti zinavutwa kwa zamu, kila moja kwake. Kosa hilo jaribio la chaki haliwezi kulionyesha hata kidogo. Tofauti ya gramu mbili tatu kwa jozi inavumilika. Nyundo ikivunjika katikati ya kazi na huna ya kubadilisha, iondoe pia ile inayotazamana nayo usage polepole, usiendelee na pengo la upande mmoja. Na kona ya nyundo ikilika, geuza zote siku hiyohiyo, si ile moja iliyokukera.

Kuna ujanja unaoonekana sana: unga ukitoka polepole, mtu anaibadilisha puli ya mota, anaweka ya sentimita 25. Kasi inapanda kwa robo, naye anaona ameongeza robo tu. Mvuto umepanda kwa zaidi ya nusu. Ule uzito wa kilo 14 sasa ni kilo 22, na nyundo, pini na rota vilivyotengenezwa kwa kasi ya kwanza havikuulizwa. Ukitaka unga mwingi, angalia kwanza matundu ya chekeche kama yameziba, unyevu wa mahindi, na kona za nyundo.

Tena si kila mtetemo ni wa uzito. Ukipanda taratibu kadiri kasi inavyopanda, shuku uzito. Ukija ghafla kwenye kasi fulani na kutoweka ukiipita, hapo msingi au fremu ina mdundo wake wa asili na rota imeugusa. Kaza boliti za sakafuni, ongeza zege. Ukisikia mpigo wa taratibu kuliko mzunguko wa shafti, tazama mkanda, huenda una uvimbe au mpasuko, kwa maana mkanda mrefu huchukua muda zaidi kukamilisha mzunguko wake. Na mashine mbili zikiunganishwa shafti kwa shafti bila kunyooshwa vizuri, mara nyingi mtetemo huja mara mbili kwa kila mzunguko.

Kando kidogo, kwa mafundi wa baiskeli: mnajua kwamba pedali ya kushoto hufungwa kinyume. Sababu ni hiihii ya mvuto unaozunguka. Mguu unakandamiza chini, lakini mkono wa pedali unazunguka, kwa hiyo mkandamizo unalizunguka tundu la skrubu na kuibingirisha skrubu ndani yake kidogokidogo, kinyume cha mwelekeo ambao mtu angeutarajia. Bila uzi wa kinyume, pedali ya kushoto ingejifungua barabarani.

Na kwa madereva wa trela za miwa huko Muhoroni na Chemelil, hesabu moja tu. Kwenye kona, trela hupinduka pale mvuto wa kando unapozidi uwiano wa nusu ya upana kati ya magurudumu na kimo cha kitovu cha uzito. Trela yenye nusu upana wa sentimita 90 na kitovu cha uzito kilicho mita 1.2 kutoka chini, kwenye kona ya nusukipenyo cha mita 30, itavumilia hadi karibu kilomita 53 kwa saa. Pakia miwa hadi kitovu kifike mita 2, na kikomo kinashuka hadi 41. Hiyo ni kwenye lami tambarare, na springi ngumu. Springi zikilegea upande mmoja au barabara ikiinama nje, punguza tena. Dereva hakubadilika, kona ni ileile, isipokuwa miwa imepanda juu.

Tukiondoka hapa kuelekea Busia tunakutana na Maseno, na mstari wa ikweta. Kwenye vituo vya watalii vya ikweta nchini mmeona onyesho lile: beseni lenye tundu, kijiti juu ya maji, upande wa kaskazini maji yanazunguka hivi, upande wa kusini yanazunguka vile, juu ya mstari hayazunguki. Watalii wanapiga makofi na kulipa. Ni mchezo wa mikono mizuri, si fizikia ya dunia.

Dunia inazunguka kweli, mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4 ukiupima kwa nyota. Hapa ikweta tunabebwa kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Mzunguko huo unapunguza uzito wetu kidogo: gunia la kilo 90 linapungukiwa na kama gramu 310 kwa mizani ya springi. Wanunuzi wa mahindi wasije wakaipata sababu hiyo. Mizani ya mawe haionyeshi upungufu huo, kwa sababu jiwe nalo limepungukiwa vivyo hivyo.

Lakini kinachopinda mwendo wa maji na upepo kwenda kulia kaskazini na kushoto kusini si kasi hiyo. Ni sehemu ya mzunguko wa dunia inayoelekea wima mahali uliposimama, na sehemu hiyo inategemea umbali kutoka ikweta. Ikweta yenyewe ni sufuri. Nakuru, iliyo theluthi moja ya digrii kusini ama pungufu kidogo, inapata moja ya mia na hamsini ya kile London inachopata. Njia nzuri ya kuuona mpindo huo ni pendulo ndefu, yaani uzito unaobembea kwenye waya, kama aliyoning'iniza mwanafizikia Léon Foucault mjini Paris mwaka 1851. Pale Paris mstari wa bembea yake huzunguka duara zima kwa saa 32 hivi. Nakuru pendulo ileile ingehitaji takriban siku 190. Maseno, pale kwenye mstari, isingezunguka kamwe. Sasa mtu mwenye beseni anadai hatua ishirini kutoka kwenye mstari zinatosha kuyageuza maji kwa nusu dakika!

Mwaka 1962 mtafiti Ascher Shapiro, huko Marekani, alionyesha inavyopaswa kufanywa. Alitumia tangi la kipenyo cha mita 1.8 hivi, maji ya kina cha sentimita 15, akayaacha yatulie saa 24, akayatoa kupitia tundu dogo katikati. Dakika kumi na zaidi hakuna kilichoonekana. Ndipo mzunguko ukajitokeza, kinyume cha saa, kama inavyotakiwa kaskazini. Maji yaliyomiminwa sasa hivi yana mzunguko wake mdogo wa mabaki kutoka kwenye mkono uliomimina au mwili uliogeuka na beseni. Yakivutwa kuja tunduni, umbali kutoka mhimilini unapungua na kasi inapanda, kama mcheza densi anayekunja mikono. Upande uliozidi hapa ni mkono wa mwonyeshaji. Kwa hiyo ukilipishwa onyesho, uliza jambo moja: maji haya yametulia kwa muda gani? Kwa sababu hiyohiyo vimbunga vikubwa vya baharini havizaliwi juu ya ikweta. Ndani ya digrii tano hivi, msukumo wa kuvizungusha ni dhaifu mno.

Nimewaahidi wafugaji mbuzi wao, na sehemu hii sitaikimbiza.

Mnyama huenda wima na moja kwa moja kwa sababu pande mbili za kichwa zinavutana sawa. Ndani ya kila sikio kuna mirija mitatu iliyopinda, yenye maji, kila mmoja ukitazama upande wake. Kichwa kikigeuka, maji yanabaki nyuma kidogo na kupinda vinyweleo vya neva. Kila sikio hutuma ujumbe wake hata mnyama akiwa ametulia, na ubongo husoma tofauti. Sikio moja likinyamaza kwa usaha, ubongo unaona tofauti ambayo haipo na kudhani kichwa kinageuka. Mnyama anainamisha kichwa, anaanguka au kuzunguka kuelekea upande mgonjwa. Mtoto akijizungusha sekunde ishirini kisha asimame, maji ya mirija yanaendelea kwenda, na uwanja mzima unamzunguka. Ni jambo lilelile, ila lake linapita.

Ukimkuta mnyama anazunguka, usikimbilie sindano. Simama utazame kwa dakika kumi. Je, anazunguka upande mmoja daima, au pande zote? Duara ni finyu au pana? Duara finyu, kichwa kimeinama na mwili unayumba, huelekeza sikioni au shina la ubongo. Duara pana, mnyama mzito wa akili, anasukuma ukuta kwa paji la uso, huelekeza kwenye ubongo wa mbele. Pitisha mkono mbele ya jicho moja moja bila kupeleka upepo: lipi halipepesi? Tazama masikio, kope na midomo: je, upande mmoja umelegea, mate yanadondoka? Pima homa. Papasa tezi zilizo chini ya sikio. Uliza ugonjwa umeanza jana au mwezi uliopita. Na jambo moja kabla ya yote: usitie mkono mdomoni mwa mnyama mwenye dalili za kichwa, hata kama unadhani amekabwa na gunzi. Kichaa cha mbwa huweza kuanza hivyo, nacho kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kondoo au mbuzi kijana, wa miezi sita hadi mwaka na nusu, anayezidi kuzunguka kwa majuma, bila homa: fikiria uvimbe wa maji kichwani unaoletwa na tegu, mnyoo wa utumbo. Mbwa hula kichwa cha kondoo kilichotupwa, tegu aitwaye Taenia multiceps anakomaa tumboni mwa mbwa, mayai yanashuka na kinyesi malishoni, kondoo anayala, kiluwiluwi kinapita damuni hadi kwenye ubongo na kujenga mfuko wa maji unaoweza kufikia ukubwa wa yai la kuku. Mara nyingi mnyama huzunguka kuelekea upande wenye mfuko, na jicho la upande wa pili ndilo linalopofuka, maana neva za macho hukingamana. Si kila mara, mfuko ulio ndani sana hubadilisha picha. Daktari anaweza kuupasua mfuko na kuutoa, lakini kwa mbuzi wa kawaida gharama inazidi thamani. Kinga ndiyo rahisi: vichwa vichomwe au vifukiwe kwa kina, mbwa wapewe dawa ya minyoo ya praziquantel miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na kurudiwa kila majuma sita hadi manane, kwa sababu huo ndio muda ambao tegu mpya huchukua kuanza kutoa mayai. Kumpa dawa mbwa wako na kumwacha wa jirani ni kujisumbua bure. Fanyeni kijiji kizima siku moja.

Anayeanza ghafla, ana homa, uso umelegea upande mmoja, na kundi limekuwa likila saileji, lishe ya majani iliyochachushwa: shuku listeria. Wakulima wa Njoro na Molo wanaoweka saileji ya mahindi wasikilize hapa. Bakteria huyu anaishi udongoni na hustawi pale saileji iliposhindwa kuchacha. Saileji nzuri ina uchachu wa pH chini ya 4.5, ikikaa juu ya 5.5, ni shamba la listeria. Inashindwa kwa sababu za kawaida kabisa: haikukanyagwa vya kutosha hewa itoke, karatasi ilitobolewa na panya, udongo uliingia na miguu ya watu, au shimo lilifunguliwa na kuachwa wazi. Tabaka la juu lenye ukungu litupwe, usiwape hata mbuzi “kwa kuwa wao wanakula chochote”. Mbuzi na kondoo ndio wanaokufa haraka, wakati mwingine kwa siku mbili tatu. Penisilini kwa dozi kubwa husaidia ikianza mapema. Akishalala chini, matumaini ni madogo. Maziwa ya kundi hilo yachemshwe, na mama mjamzito asiyaguse mabichi.

Ng'ombe mzima wa eneo la kupe anayezunguka, tezi zimevimba: kuna ndigana inayopanda kichwani, chembe zilizoambukizwa zinaziba mishipa midogo ya ubongo. Mwaka mzima wa kuogesha kwa mpango unafaa kuliko siku moja ya kutibu. Na kuku anayepinda shingo na kuzunguka, wenzake wakiwa wamekufa juma lililopita, ameponea kideri chupuchupu. Hana dawa, waliobaki wachanjwe kwa ratiba.

Madaktari wa binadamu nao wameutumia mzunguko wa mnyama kama kipimo. Mwaka 1970 mtafiti Urban Ungerstedt na mwenzake huko Sweden walieleza kifaa cha kuhesabu mizunguko ya panya ambaye dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo, imeharibiwa upande mmoja wa ubongo. Akipewa amfetamini, inayomimina dopamini iliyobaki, anazunguka kuelekea upande ulioharibika. Akipewa apomofini, inayougusa moja kwa moja upande uliokuwa na njaa na umekuwa mwepesi kupita kiasi, anageuka na kuzunguka kinyume. Idadi ya mizunguko kwa dakika ikawa rula ya kupimia dawa za ugonjwa wa Parkinson. Sijui mfano safi kuliko huu wa upande uliozidi.

Hapa ndipo nitaliharibu kidogo swali langu. Wengi husema mtu aliyepotea msituni huzunguka kwa sababu mguu mmoja ni mrefu. Mwaka 2009 mtafiti Jan Souman na wenzake walifunga watu macho na kuwaambia waende moja kwa moja; waliishia kwenye maduara, mengine yenye kipenyo cha chini ya mita 20. Lakini mtu yuleyule alizunguka kulia, kisha kushoto, kisha kulia. Hakukuwa na upande uliozidi. Makosa madogo ya hisia yalirundikana hadi “mbele” ikahama. Waliotembea bila kufungwa macho, wakiliona jua au mwezi, walinyoosha. Mawingu yalipotanda, wakazunguka, wengine wakiikata njia yao wenyewe bila kujua. Na jamaa wa siafu wa Amerika Kusini hufanya duara la mauti: kila mmoja anafuata harufu ya aliye mbele, kichwa cha msafara kinakutana na mkia wake, wanazunguka mpaka wanakufa. Mtafiti wa viumbe William Beebe alilikuta moja huko Guyana lenye mzingo wa mita zaidi ya 360, kila siafu akichukua saa mbili na nusu kulimaliza. Mchunguze siafu mmoja mmoja, hutapata kasoro. Kasoro iko kwenye kanuni ya kufuatana. Kwa hiyo mnyama anayezunguka pande zote kwa zamu, au kundi zima linalozunguka, usimpasue kichwa. Tazama banda, kamba, giza, kile anachokifuata.

Kuna pia wanaozunguka kwa faida. Mbwa aliyelowa hujitikisa mara 4 hadi 5 kwa sekunde, panya mdogo wa nyumbani karibu mara 30. Tofauti hiyo ni ile hesabu ya kisiagi: panya ana mwili mwembamba, umbali kutoka mhimilini ni mdogo, kwa hiyo lazima alipie kwa kasi ili tone la maji ling'oke kwenye unyoya. Ngozi iliyolegea ya mbwa inampa umbali zaidi. Na heroe, wale flamingo waliolipamba Ziwa Nakuru hadi maji yalipopanda na wengi wao wakahamia Bogoria, wana jamaa yao wa Chile aliyepigwa picha za kasi na kuelezwa mwaka 2025: anapouinua mdomo ghafla kutoka tope la chini, kwa sentimita 40 hivi kwa sekunde, maji yanajikunja nyuma yake kama kimbunga kidogo na kuwapandisha wadudu; na miguu yake yenye utando inapokanyaga, inasukuma vizingia vingine mbele ya mdomo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Rota iliyo mezani pale nyuma imetolewa kwenye kisiagi cha kweli, na ndani ya puli yake tumefunga nati ya gramu 12 mahali ambapo macho hayafiki. Chaki ziko kando ya mizani. Mkanda tumeshautoa, lakini beringi ya kushoto ina grisi nzito, basi atakayeanza aanze na hiyo.